Kodi na Ushuru: Somo kwa Mwenye Nyumba Aliyeuza Kabla ya Kujiandikisha



Lugha yetu ina neno moja lililowatia wengi katika hasara, nalo ni neno "kodi". Fedha anazotoa mpangaji mwisho wa mwezi kumpa mwenye nyumba huitwa kodi. Na fedha anazotoa raia kuipa serikali nazo pia huitwa kodi. Hivyo hutokea mtu akapokea kodi kwa miaka kumi, kisha akasema kwa moyo mweupe kwamba mambo yake ya kodi hayana dosari, hali ya kuwa ile kodi ya pili hajaitoa hata senti. Ili tusichanganye mambo, katika somo hili inayotoka kwa mpangaji tutaiita kodi, na inayokwenda serikalini tutaiita ushuru, ingawa maofisini hawaufuati mpaka huu.

Swali tulilokusudia kulijibu ni hili. Mtu anayo ploti ya vyumba vya kupangisha katika Manyatta yetu, tuseme kandokando ya mji wa Embu. Amepangisha miaka kadhaa wala hakuwahi kujiandikisha kuwa ni mtu mwenye mapato ya kodi. Sasa ameiuza ploti ile, fedha zimeingia benki, na mnunuzi amekwisha pata hati. Je, kwa kuwa nyumba si yake tena, jambo limekwisha? Na kama halikwisha, anadaiwa nini, tangu lini, na aanzie wapi?

Jawabu kwa ufupi ni kwamba halikwisha. Kuuza hakufuti kitu kilichotangulia kuuza. Aliyeuza ana mambo mawili mbali mbali shingoni mwake: ushuru wa kodi aliyokuwa akiipokea mwezi kwa mwezi, na ushuru wa faida aliyoipata kwa kuuza. Kulipa huu hakumwondolei ule. Na madalali wetu, Mungu awaongoze, hilo la kwanza hawalitaji kabisa, kwa sababu halizuii hati kupita. Hutaja la pili tu, kwa kuwa bila ya hilo mauzo hayasajiliwi, nao hawapati chao.

Inafaa kwanza tujue jambo hili limekujaje kwetu kwa wingi hivi. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka mpango wa kaunti ulipoanza mwaka 2013, ikawa makao ya kaunti yake yenyewe. Na mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Embu kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wanafunzi na makarani wanahitaji mahali pa kulala. Mtu mwenye robo ekari ya kahawa au migomba akaona kwamba vyumba kumi vya mawe vyamlipa kuliko kahawa, naye hakukosea hesabu. Lakini mwalimu na askari hukatwa ushuru kabla mshahara haujawafikia. Mwenye vyumba hakatwi na mtu. Kodi humjia kamili kwa simu, na katika ukamilifu huo ndimo alimosahau kwamba iko sehemu isiyokuwa yake.

Tena liko jambo la zamani. Wazee wa nchi hii waliujua ushuru kwa sura mbaya. Waingereza waliiteka Embu mwaka 1906, wakaja na ushuru uliohesabiwa kwa vibanda. Mwaka 1910 ukaongezwa ushuru wa kichwa. Na asiyekuwa na fedha hakuwa na njia ila kwenda kuzitafuta katika mashamba ya walowezi. Ushuru wa mapato wenyewe ulianzishwa Kenya mwaka 1937. Basi katika nyumba nyingi kumkimbia mkusanyaji kulihesabiwa kuwa ushujaa, na watoto wakarithi tabia ile bila ya kurithi sababu yake. Hatuwalaumu wazee. Ila sheria ya leo haina habari na historia hiyo. Kazi yake ni kumhesabia mtu tarehe.

Tuje sasa katika kujiandikisha, maana hapa ndipo fikra nyingi zilipopinda. Mtu husema: mimi nimejiandikisha, ninayo PIN. Kweli anayo, kwa sababu siku hizi ofisi ya ardhi haisajili hati wala benki haimfungulii mtu hesabu bila ya namba hiyo. Lakini namba ni jina tu. Katika mtambo wa iTax wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya kila namba huandikiwa wajibu wake: huyu ana ushuru wa mapato ya mwaka, yule ana wa biashara, yule ana wa kodi ya nyumba za kukaa. Mwenye namba isiyoandikiwa wajibu wa nyumba ni kama mtoto aliyepokewa shuleni lakini jina lake halimo katika daftari la darasa lolote. Yupo, wala hahesabiwi.

Ama asiyekuwa na namba kabisa, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 yamtaka ajiandikishe katika muda wa siku 30 tangu alipopata jambo la kutozwa ushuru, na adhabu iliyoandikwa kwa anayekaa kimya ni shilingi 100,000 kwa kila mwezi, isizidi shilingi 1,000,000. Hatuitaji adhabu hii kwa kutisha, bali ili ifahamike kwamba kuchelewa kujiandikisha ni kosa peke yake, kuchelewa kupeleka ritani ni kosa la pili, na kuchelewa kulipa ni la tatu. Kila moja lina hesabu yake.

Na hapa hatuna budi kusema wazi juu ya desturi mbaya iliyoenea. Ifikapo mwisho wa Juni, ambao ndio mwisho wa kupeleka ritani ya mwaka uliopita, saiba za mjini hujaa watu, na kila mmoja humwambia kijana aliyeketi mbele ya kompyuta: nifanyie ya sufuri. Kijana huchukua ujira wake mdogo, hubonyeza mara mbili tatu, hutoa karatasi, na mtu hurudi nyumbani akiwa ametua mzigo. Kwa asiyekuwa na mapato yoyote, ritani ya sufuri ni sahihi, wala hakuna neno. Kwa mwenye vyumba kumi vilivyojaa wapangaji, karatasi ile ni ushahidi wa uongo ulioandikwa kwa jina lake yeye, si kwa jina la kijana wa saiba. Sheria tuliyoitaja humtoza aliyetoa maelezo ya uongo asilimia 75 ya ushuru uliopunguka ikiwa alikusudia, na asilimia 20 ikiwa hakukusudia. Na hupunguza kidogo kwa yule aliyejitangaza mwenyewe kabla hajagunduliwa. Twaona basi kwamba aliyenyamaza kabisa huenda akawa katika hali nyepesi kuliko aliyesema "sufuri" kila mwaka na kuweka sahihi. Huyu wa pili kazi yake ya kwanza ni kuzirekebisha ritani zile, na sheria yamruhusu, kabla barua ya kumwita haijafika.

Sasa ushuru wa kodi wenyewe. Kodi imekuwa ni pato la kutozwa ushuru tangu zamani, lakini kuanzia tarehe 1 Januari 2016 iliwekwa njia nyepesi kwa nyumba za kukaa. Mkaazi wa Kenya ambaye kodi yake kwa mwaka ni kati ya kiwango fulani na kingine hutoa fungu moja la kodi yote aliyopokea, kila mwezi, si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ushuru huo ndio wa mwisho: kodi ile haitozwi tena katika ritani ya mwaka. Viwango vilikuwa shilingi 144,000 mpaka 10,000,000; tangu mwaka 2021 vikawa shilingi 288,000 mpaka 15,000,000. Fungu lilikuwa asilimia 10, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 likawa asilimia 7.5. Mwenye kuchelewa hutozwa kila mwezi kwa fungu la wakati wake, wala hapewi lile la sasa lililo jepesi kwa miezi ya zamani.

Wepesi wa njia hii una bei yake. Hakuna gharama inayopunguzwa: si rangi, si fundi wa mabomba, si mlinzi, si riba ya benki. Hata zaka aliyoitoa mwenye nyumba katika mali yake haipunguzi ushuru huu, wala ushuru huu hausimami mahali pa zaka; hivi ni vitu viwili, na anayekitoa kimoja kwa nia ya kukidhi cha pili amebaki na deni la kimojawapo.

Jambo moja hapa lawafaa sana wadogo, nalo halisemwi. Mwenye vyumba vitano vya shilingi 4,000 hupata 240,000 kwa mwaka, chini ya 288,000. Huyu haingii katika njia ya kila mwezi. Hutangaza kodi yake katika ritani ya mwaka pamoja na mapato yake mengine, na humo huruhusiwa kuondoa gharama za nyumba. Tena ngazi ya kwanza ya ushuru wa mapato ni asilimia 10 ya shilingi 288,000 za mwanzo, yaani 28,800. Na nafuu anayopewa kila mkaazi kwa mwaka ni 28,800 hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mjane asiyekuwa na pato jingine ila vyumba vile vitano hana ushuru wa kulipa hata shilingi moja. Anachotakiwa ni kusema tu. Na asiposema, hutozwa shilingi 2,000 kwa kila ritani ya mwaka aliyoichelewesha, naye hana anachodaiwa! Ni wangapi wanaojificha kwa hofu ya deni lisilokuwapo?

Turudi kwa mwenye vyumba kumi, tumfanyie hesabu. Tuseme alianza kupangisha Januari 2021, kila chumba shilingi 4,000, akauza mwisho wa Juni 2024. Kodi yake ni 40,000 kwa mwezi, 480,000 kwa mwaka. Amo katika njia ya kila mwezi. Kwa miezi 36 ya mwanzo alipaswa kutoa 4,000 kila mwezi, ambayo ni 144,000. Kwa miezi 6 ya mwisho alipaswa kutoa 3,000 kila mwezi, ambayo ni 18,000. Ushuru mtupu ni shilingi 162,000 kwa miezi 42. Kodi aliyopokea kwa muda ule ni 1,680,000. Hata hapa si hesabu ya kumuangusha mtu.

Kinachomwangusha ni kuchelewa. Ritani ya mwezi iliyochelewa humtoza mtu asilimia 5 ya ushuru au shilingi 2,000, iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kwake yeye ni 2,000 kila mara, maana asilimia 5 ya 4,000 ni 200 tu. Miezi 42 ni shilingi 84,000. Juu yake kuna asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, na asilimia 1 kwa kila mwezi mpaka siku ya kulipa. Chukua mwezi mmoja tu, Januari 2021. Ushuru wake, 4,000, ulipasa kulipwa tarehe 20 Februari 2021. Akiulipa Februari 2025, miezi 48 imepita: ushuru 4,000, ritani 2,000, kuchelewa kulipa 200, na ile asilimia moja moja 1,920. Jumla ni 8,120. Mwezi mmoja umezaa wa pili. Sheria imeweka ukomo kwamba ile asilimia ya kila mwezi haitazidi ushuru wenyewe, na huo ni uadilifu wa namna yake. Lakini anayengoja mpaka ukomo amekwisha lipa mara mbili na zaidi.

Msomaji wa jarida hili atauliza: hiyo asilimia moja si riba? Kwa lugha ya sheria ndilo jina lake. Kwa maoni yetu, mtu hakukopa serikalini kwa kukubali masharti ya kuongeza. Ni tozo aliyowekewa juu ya kuchelewa kwake, wala hana hiari nayo, naye si sawa na aliyekwenda benki kwa miguu yake akaweka sahihi. Wenye elimu ya fiqhi na walieleze zaidi katika darsa. Ila isifanywe kuwa udhuru wa kutolipa ushuru wenyewe, maana tumemsikia mtu akisema kwamba yeye halipi deni kwa kuwa deni limeingia riba, na riba ile imeingia kwa kuwa halipi.

Serikali imefungua milango ya msamaha zaidi ya mara moja. Ulikuwapo mpango wa kujitangaza kwa hiari tangu tarehe 1 Januari 2021 mpaka 31 Desemba 2023, ambao aliyekuja mwaka wa kwanza alisamehewa adhabu na riba zote, wa pili nusu, na wa tatu robo. Ukafuata msamaha wa tangu Septemba 2023 mpaka Juni 2024 kwa madeni ya mpaka mwisho wa 2022. Kisha mwingine uliofungwa tarehe 30 Juni 2025 kwa madeni ya mpaka mwisho wa 2023. Katika huo wa mwisho mtu wetu wa vyumba kumi angalitoa ushuru wake wa miaka mitatu, 144,000, na yote yaliyozaliwa nao yangaliondoka. Wengi walisikia tangazo redioni wakadhani ni la matajiri wa Nairobi. Na sasa utawasikia wakisema: tungoje mwingine. Anayengoja mlango usiojulikana kama utafunguliwa hulipia kusubiri kwake asilimia moja kila mwezi.

Sehemu ya pili ni ushuru wa faida ya kuuza. Kenya iliuanzisha mwaka 1975, ikausimamisha Juni 1985, ukalala karibu miaka 30, kisha ukaamshwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5 ya faida. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Kwa ajili ya usingizi ule mrefu wako wazee walionunua na kuuza mashamba maisha yao yote wala hawakuusikia, nao huapa kwamba ni uzushi wa wakili. Si uzushi.

Mtu hatozwi kwa bei aliyouzia bali kwa faida. Bei hupunguzwa gharama za kuuza, kama vile ujira wa wakili na dalali. Kisha huondolewa alichonunulia, gharama za kununua, na gharama za kujenga na kuongeza thamani. Tuseme mtu wetu alinunua kiwanja mwaka 2014 na gharama zote zikafika 900,000. Akajenga kwa 2,600,000. Akauza Juni 2024 kwa 7,500,000, na kuuza kukamgharimu 200,000. Faida ni 3,800,000, na ushuru wake 570,000. Lau angaliuza kabla ya mwaka 2023 ungalikuwa 190,000.

Lakini hesabu hiyo ni ya mwenye karatasi. Wengi wetu hujenga kwa fundi wa mtaani, mchanga kwa lori la jirani, saruji kwa mkopo wa dukani, na stakabadhi hutumika kuwashia moto. Ikiwa katika 2,600,000 za ujenzi aweza kuthibitisha 1,800,000 tu, faida yake kwa macho ya ofisi ni 4,600,000 na ushuru 690,000. Zile stakabadhi za 800,000 zilizopotea zilikuwa na thamani ya shilingi 120,000 taslimu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya kuandikiana deni, nasi tunaisoma na kuisomesha watoto, kisha twanunua tani kumi za saruji bila ya karatasi kwa kuwa muuzaji ni mtu tunayemjua.

Yako mambo yaliyosamehewa. Ardhi ya mtu binafsi iliyouzwa kwa bei isiyozidi shilingi 3,000,000 haina ushuru huu. Shamba la kilimo lililo chini ya ekari 50, nje ya manispaa na miji iliyotangazwa, halina. Kwa hiyo mkulima wa kule juu Kairuri anayeuza ekari mbili za majani ya chai huenda asidaiwe, na nduguye aliye ndani ya manispaa ya Embu akadaiwa kwa eneo lililo dogo zaidi. Basi mtu aulize kwanza mpaka wa manispaa umepita wapi, wala asiridhike na neno "shamba" alilolikuta katika hati ya babu yake. Nyumba ambayo mwenyewe amekaa ndani yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza imesamehewa. Nyumba iliyokaliwa na wapangaji miaka yote haiingii humo.

Wakati wa kulipa nao hukosewa. Kwa sheria ya fedha ya mwaka 2023, ushuru huu hupaswa pale muuzaji alipopokea bei kamili au pale uhamisho uliposajiliwa, lolote lililotangulia. Asitarajie mtu kuungoja mwisho wa mwaka. Kadhalika ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, ni wa mnunuzi. Muuzaji asiuhesabu kuwa ndio wake.

Mirathi ni mlango wenye hatari zaidi kwetu. Mzee hufa, akaacha vyumba. Watoto hupokea kodi miaka minane bila ya kufungua mirathi, kisha hukubaliana kuuza na kugawana. Mali inayohamishwa kwa ajili ya kusimamia mirathi ya marehemu husamehewa ushuru wa faida ikiwa jambo hilo limetimizwa katika miaka miwili tangu kufa kwake, au katika muda ulioongezwa na Kamishna kwa maandishi. Familia iliyokaa miaka minane imejitoa yenyewe katika fadhila hiyo. Na kama mzee mwenyewe alipokea kodi bila ya kutoa ushuru, hilo ni deni la marehemu. Nasi sote twajua kwamba madeni hutangulia mafungu ya warithi. Kugawana kwanza na kusema deni la serikali tutalitazama baadaye ni kula kisichogawanyika bado. Maadamu mirathi haijagawanywa, msimamizi wake ndiye anayewajibika kupeleka ritani. Ikishagawanywa, kila mrithi hutangaza fungu lake.

Neno moja kwa walio na jamaa ughaibuni. Mwana anayeishi Muscat au Jeddah na kuhesabiwa si mkaazi wa Kenya haimhusu ile asilimia 7.5, kodi ya nyumba yake ya hapa hukatwa asilimia 30 ya jumla yake. Baba anayempokelea kodi na kuitangaza kwa namba yake mwenyewe ili apate wepesi hamsaidii mwana, na siku ya kuuza majina hayatalingana. Na aliye na nyumba Uingereza asidhani huko ni kwepesi zaidi: aliyepata kodi bila ya kuwa katika daftari la ritani za huko hutakiwa kujiandikisha kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wao wa ushuru, unaokwisha tarehe 5 Aprili, na faida ya kuuza nyumba ya kupangisha huko, ikiwa ina ushuru, hutangazwa na kulipwa katika siku 60 tangu mauzo yalipokamilika, hata kama ritani ya mwaka bado. Huko pia ni mambo mawili mbali mbali, na kulitimiza moja hakutimizi la pili.

Basi mtu wetu aanzie wapi? Akusanye kwanza ushahidi wa kodi: taarifa za benki, za simu, na daftari la wapangaji ikiwa lipo. Miezi ambayo chumba kilikuwa kitupu aiandike, maana hakuna ushuru wa kodi isiyopokelewa, ila ritani ya mwezi ule yatakiwa. Kisha aongeze wajibu wa kodi ya nyumba katika namba yake kwa tarehe ya kweli aliyoanza kupangisha, si tarehe ya leo. Anayeweka ya leo amejiandikisha kwa ajili ya nyumba asiyokuwa nayo tena, na miaka iliyopita imebaki wazi. Apeleke ritani kuanzia mwezi wa kale kuliko yote, mmoja mmoja. Kazi hii hufanyika katika kompyuta, na asiyeiweza anaweza kwenda Huduma Centre mjini Embu au ofisi ya ushuru yenyewe. Akimaliza, aombe wajibu ule ufungwe kuanzia tarehe ya mauzo, vinginevyo mtambo utaendelea kumdai ritani za nyumba ya mtu mwingine.

Asiyeweza kulipa yote kwa mara moja aandike kuomba muda wa kulipa kwa mafungu. Sheria imeruhusu ombi hilo. Ni afadhali aombe wakati fedha za mauzo bado ziko benki, kabla hazijawa gari.

Tena asidhani kwamba miaka mitano ikipita amenusurika. Ni kweli kwamba Kamishna kwa kawaida hawezi kukadiria ushuru wa zaidi ya miaka mitano nyuma, na mtu naye hutakiwa kuhifadhi karatasi zake miaka mitano. Lakini ukomo huo huondoka palipo na uzembe wa kusudi, ukwepaji au udanganyifu. Na aliyepeleka ritani za sufuri akiwa anapokea kodi kila mwezi atapata taabu kueleza kwamba hakukusudia.

Na ikiwa ofisi imemtangulia, ikamletea makadirio makubwa kuliko haki, asiyatupe wala asikimbilie kuyalipa kwa hofu. Anazo siku 30 tangu kupewa taarifa kuandika pingamizi. Pingamizi lieleze ni kiasi gani anachokipinga na kwa sababu gani, liambatane na karatasi zake, na kile kiasi asichokipinga awe amekilipa au amepatana juu yake. Kamishna naye anazo siku 60 za kutoa uamuzi, na asiyeridhika anazo siku 30 nyingine za kwenda Baraza la Rufaa za Ushuru. Aliyepitwa na siku zile 30 za kwanza kwa ugonjwa, au kwa kuwa nje ya Kenya, au kwa sababu nyingine ya maana, aweza kuomba kwa maandishi aongezewe muda, na aambatanishe cheti cha hospitali au pasipoti yake yenye mihuri.